Seremala unayetaka kuchomelea chuma nyumbani: tenga moto na vumbi kwanza, mashine ije baadaye (uzi wa mafundi wa Mwanza)

RANDA TATU (mleta uzi)

Heshima kwenu wakuu.

Siku hizi mteja wa Mwanza akiagiza meza ya chakula, mara nyingi anataka juu mninga na chini miguu ya chuma. Stendi ya tivii hivyo hivyo, na kitanda nacho kinaombwa fremu ya skwea paipu. Seremala asiyechomelea inabidi apeleke vipimo kwa fundi wa chuma, asubiri foleni, halafu apewe fremu iliyopinda na meza icheze sebuleni kwa mteja. Ndiyo maana mafundi wengi wenye karakana uani, kuanzia Buhongwa mpaka Kisesa, wanajinunulia mashine ya kuchomelea na kompresa ya kupulizia vanishi. Naiunga mkono hatua hiyo kwa moyo wote.

Wasiwasi wangu uko kwenye mpangilio. Fundi akishika hela anakimbilia dukani, anarudi na mashine, anaichomeka kwenye soketi ile ile ya randa ya umeme na kuanza kuchomelea hatua mbili kutoka kwenye rundo la maranda. Wakuu, cheche za kuchomelea na za grenda zinaweza kuruka na kubiringika mpaka mita 11. Ikiingia kwenye vumbi la mbao huoni mwali. Inafukuta chini kwa chini, na moto unaweza kujitokeza saa nzima baada ya wewe kufunga mlango. Ndiyo sababu kanuni za kazi za moto zinataka mtu abaki akiangalia kwa saa moja baada ya cheche ya mwisho. Fundi anayechomelea saa kumi na mbili jioni ili awahi kufunga hana saa hiyo moja.

Kwa hiyo hesabu yangu inaanzia kwenye eneo. Mbao zikae ndani, zifungiwe. Chuma kifanyiwe nje chini ya banda la mabati, nguzo za chuma, sakafu ya saruji au udongo mtupu. Kati yao uwepo ukuta wa tofali usio na tundu linalopitisha cheche. Kabla hujachagua upande wa banda, simama uani saa nane mchana uone upepo unakotoka. Sisi wa kandokando ya ziwa tunajua mchana unavuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu, na usiku unageuka. Banda likae mahali ambapo upepo wa mchana unapeleka cheche mbali na mbao. Weka ndoo mbili za mchanga na mtungi wa unga wa kuzimia moto wa kilo 6, karibu na mlango wa kutokea, usiufiche kwenye kona ya ndani. Namba ya Zimamoto ni 114, iandike ukutani ili hata kijana wa kazi aione.

Kuna faida nyingine ya ukuta huo ambayo mafundi hatuisemi. Unga wa chuma kutoka kwenye grenda ukitua juu ya mbao yenye tanini (kemikali ya asili iliyomo kwenye mbao), mfano mkaratusi au akasia, kisha ukapata unyevu, unaacha madoa meusi ya kibuluu. Msasa hauyaondoi kirahisi. Utamwambia nini mteja aliyelipia meza safi?

Tuje kwenye umeme. Mashine ya inveta ndiyo ninayopendekeza kwa nyumbani. Ni nyepesi, na inatumia umeme wa kawaida wa fezi moja, volti 230. Ukichomelea skwea paipu kwa rodi ya milimita 2.5 unafanya kazi kati ya ampea 60 na 90, na hapo mashine inavuta ukutani karibu ampea 10 mpaka 14. Soketi ya kawaida mwisho wake ni 13. Ukipanda kwenye rodi ya 3.2, ampea 90 mpaka 130, mvuto unaweza kufika 20 na kupita. Mwite fundi umeme mwenye leseni akuvutie laini ya peke yake kutoka kwenye ubao wa breka, waya wa milimita 4 za mraba, breka yake mwenyewe. Usiunganishe na laini ya taa wala ya jokofu.

Dukani usidanganyike na namba kubwa iliyochorwa ubavuni. Soma kibati cha nyuma. Utaona ampea na pembeni yake asilimia. Ikisema ampea 160 kwa asilimia 60, maana yake katika kila dakika 10 unachomelea 6 na unaiacha ipoe 4. Mashine inayojiita 200 lakini asilimia zake ni ndogo itakukatikia katikati ya geti. Kwa samani za nyumbani, mashine ya kweli ya ampea 160 inatosha na kubaki.

Mashine za waya, zinazolisha waya badala ya rodi, nazo zinapendwa, na kwenye bomba jembamba la milimita 1.2 zinapendeza sana mkono ukizoea. Ila ile inayotumia gesi haipatani na banda lililo wazi, kwa sababu upepo wa ziwa unaipeperusha gesi na welidi inatoka na vitundu. Nje tumia waya wenye dawa ndani usiohitaji gesi, au baki na rodi.

Grenda nunua nzuri ya inchi nne na nusu, na usivue kinga yake hata siku moja. Diski ya inchi 9 usiifunge humo, haikutengenezwa kwa mwendo wa grenda ndogo inayofika mizunguko 11,000 kwa dakika. Mwisho wa diski hiyo ni kama 6,600. Ikipasuka, vipande vinakwenda usoni. Na lile tendo la kufunga bleti ya msumeno wa mbao kwenye grenda naomba tulipige vita humu wote kwa pamoja. Bleti ikishika fundo la mbao, grenda inaruka kuelekea shingoni au pajani. Vijana wamekatika.

Upande wa kupuliza vanishi nitaueleza kadiri maswali yatakavyokuja. Karibuni.

MTU WA KISESA

Mkuu, nakuheshimu lakini napingana na wewe. Mtaani kwetu mashine ndiyo inayojenga ukuta. Mtu akinunua inveta leo, kesho anachomelea magrili ya jirani, mwezi unaofuata ana hela ya tofali. Ukimwambia aanze na ukuta hatafika popote, atabaki na ukuta bila kazi.

RANDA TATU

Kaka, hoja yako ina uzito na siipuuzi. Magrili na mageti yanalipa haraka kuliko kabati, hilo ni kweli. Mwenye mtaji wa kitu kimoja tu basi anunue mashine, ila achomelee uani kweupe, mbali na mbao, ardhi imefagiliwa na kumwagiwa maji kabla ya kuanza. Umbali unaweza kushika nafasi ya ukuta kwa muda. Ninachokataa ni mashine kuingia kwenye chumba cha mbao kwa kisingizio cha mvua. Mvua ikinyesha, kazi ya chuma isimame.

FUNDI UMEME MABATINI

Niongezee kwenye laini ya umeme, maana nimeingia karakana nyingi. Mwanza ni mji wa mawe. Huku kwetu Mabatini, Igogo na milima yote ile, fimbo ya ethi (ile ya kupeleka ardhini umeme unaovuja) unaipiga nusu mita inagonga jabali. Mafundi wengine wanaikata, wanafunika na udongo kidogo na kuondoka. Ethi hiyo ni ya kutazamwa tu, umeme ukivuja kwenye bodi ya mashine haina pa kwenda. Mdai fundi wako aipime kwa kifaa mbele yako. Pakiwa na jabali, fimbo zipigwe kadhaa mahali penye udongo na ziunganishwe. Juu ya hapo weka breka inayokata umeme unapovuja, ya miliampea 30. Kwenye mawe yetu hiyo breka ndiyo inayookoa maisha ya mtu, kwa sababu haisubiri mkondo mkubwa.

Pia chunguza volti yako saa moja jioni, wakati mtaa mzima unapika na kuwasha tivii. Ikishuka sana, chagua inveta ambayo kibati chake kinakubali volti za chini, au panga kuchomelea asubuhi.

Zile mashine nzito za kusukwa mtaani zinavuta umeme mwingi na taa za majirani zinafifia kila ukigusa rodi. Ugomvi unaanzia hapo.

RANDA TATU

Asante sana mkuu. Hili la kupima ethi wote tulichukue.

BINTI WA KIRUMBA

Shikamooni wakubwa. Mimi natengeneza meza ndogo na fremu za vioo, nimepanga chumba kimoja na ua. Sichomelei, napuliza vanishi ya NC (nitroselulosi) tu. Tatizo langu vanishi inakuwa na ukungu mweupe, hasa masika. Muuzaji wa duka aliniambia ni mbao mbichi, lakini hata mbao kavu inatokea. Na kompresa yangu ya lita 50 haipumziki, inanguruma muda wote.

RANDA TATU

Marahaba mdogo wangu. Muuzaji alikosea. Thina ya NC inapokauka haraka inapoza uso wa mbao. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, kama ilivyo Kirumba kandokando ya ziwa, mvuke wa maji unageuka matone madogo juu ya vanishi ambayo haijakauka. Huo ndio weupe unaouona. Puliza kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri siku ya jua, usipulize mvua inapokaribia wala asubuhi mapema. Dukani ulizia thina inayokauka polepole, uchanganye kiasi kwenye thina yako ya kawaida. Weupe uliokwisha kutokea mara nyingi unaondoka ukipuliza tabaka jepesi la thina hiyo ya polepole na kuiacha ikauke taratibu, hewa ikiwa kavu.

Kompresa yako haina kosa, kazi imeizidi. Ya lita 50 yenye mota ya nguvu farasi 2 inatoa hewa ndogo kuliko inavyotaka bunduki nyingi za kupulizia. Usibadilishe kompresa bado, tafuta kwanza bunduki ndogo yenye tundu la milimita 1.4 inayoridhika na hewa kidogo, yenye kikombe juu. Ukija kununua nyingine, chukua ya lita 100 yenye farasi 3. Na kila jioni fungua koki ya chini ya tangi. Maji yatakayotoka msimu wa mvua yatakushangaza, na yote hayo yangepita kwenye bunduki kwenda kwenye meza. Funga na kichujio cha maji kabla ya mpira wa bunduki.

Jambo moja la huku kwetu: usipulize usiku ukiwa umewasha taa, hasa mwezi unapoandama. Wadudu wa ziwani huibuka majini kwa wingi siku za mwezi mpya, wanapanda kama moshi na kufuata taa. Vanishi mbichi inawanasa wote.

Na kwa kuwa una chumba kimoja, tafadhali usilale humo siku uliyopuliza. Mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni na kwenda mpaka kwenye jiko la mkaa au la gesi. Puliza uani. Ukilazimika kupuliza ndani, feni isukume hewa safi kuingia, isinyonye mvuke kupitia mota yake, maana mota ya kawaida ina cheche. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke. Tafuta ile ya mpira yenye vichujio vya mkaa kwa kemikali na vya vumbi kwa pamoja. Vile vichujio vinaisha, ukianza kusikia harufu ndani ya barakoa vibadilishe.

BINTI WA KIRUMBA

Nimeelewa, ubarikiwe. Na vile vijishimo vidogo vinavyofunguka juu ya vanishi hata nikipiga msasa upya?

RANDA TATU

Hayo ni mafuta au silikoni. Inaweza kuwa mafuta ya kompresa yanayopita na hewa, au dawa ya kung'arisha uliyofutia kioo. Kwa wanaochomelea, chanzo kikubwa ni ile dawa ya kupuliza inayozuia matone ya welidi kugandia kwenye chuma. Nyingi zina silikoni. Ikipulizwa karibu na mbao, vanishi haitakaa. Nunua isiyo na silikoni, na ibaki upande wa chuma. Unaona ukuta unavyorudi?

NANSIO KWETU

Salaam kutoka Ukerewe. Huku mbao za paini za Rubya, shamba la miti la hapa kisiwani, tunazipata jirani, ila nyingi zinauzwa zikiwa bado na maji. Nina jenereta ya kVA 2.5. Je, itaendesha inveta? Na nikifunga mbao ya paini juu ya fremu ya chuma, baada ya miezi michache inapasuka katikati. Nimebadilisha gundi, bado.

RANDA TATU

Ndugu yangu, jenereta hiyo kwa rodi ya 2.5 kwenye bomba jembamba itajikaza lakini itasumbuka, na ikiyumba volti inaweza kuua mashine. Ukitaka raha tafuta kVA 5. Iwashe kwanza itulie, ndipo uwashe mashine. Ukimaliza, zima mashine kabla ya jenereta.

Kuhusu kupasuka, gundi haihusiki. Mbao hujaa na kusinyaa kwa upana, kwa urefu karibu haibadiliki, na chuma hakifuati unyevu kabisa. Meza ya paini ya sentimita 60 ikishuka unyevu kutoka asilimia 16 hadi 12 inaweza kusinyaa kama milimita 5 au 6. Ukiwa umeibana kwa skrubu pande zote mbili kwenye tundu la duara, itajipasua ili ipate nafasi. Kwa hiyo kwenye flati baa (chuma bapa) inayobeba mbao, tundu la katikati liwe la duara, na yale ya pembeni yarefushe kuelekea upande wa upana wa meza, milimita 10 hivi, kwa kutoboa matundu mawili jirani na kuyaunganisha kwa tupa. Skrubu iwe na washa pana, ikaze bila kukaba. Usipake gundi kati ya mbao na chuma. Mninga unatulia zaidi ya paini, ndiyo sababu makosa haya hayaonekani haraka kwenye mninga, lakini tundu refu liweke hata huko.

Mbao zako zipange kivulini, vijiti vya unene sawa kati ya mbao na mbao, juu weka uzito. Mbao ya inchi moja iache miezi kadhaa. Ukiweza, nunua kipima unyevu chenye sindano mbili. Kidude hicho kidogo kitakulinda na hasara kubwa kuliko mashine yoyote.

MZEE WA MKUYUNI

Vijana, mnasahau maziwa. Sisi tumechomelea miaka mingi, ukimaliza kazi unakunywa nusu lita ya maziwa kifua kinasafika.

RANDA TATU

Shikamoo mzee wangu. Maziwa ni chakula kizuri, kunywa tu mzee. Ila yanaingia tumboni, na moshi umeingia mapafuni. Njia hizo mbili hazikutani. Bomba lililopakwa zinki ndilo hatari zaidi. Ukilichomelea bila kuondoa zinki, saa chache baadaye unapata baridi, homa, mwili kuuma, mtu anadhani ni malaria. Saga zinki pande zote za mahali pa kuunga, simama upande upepo unakotoka, kichwa kisiwe juu ya moshi. Shirika la Afya Duniani, kupitia kitengo chake cha utafiti wa saratani, liliuweka moshi wa kuchomelea kwenye kundi la visababishi vya saratani mwaka 2017. Vumbi la mbao limo kwenye kundi hilo hilo tangu 1995. Sisi tunaofanya vyote viwili tunavuta vyote viwili, kwa hiyo barakoa ni ya kila siku.

Na usifutie mafuta kwenye chuma kwa dawa za kusafishia breki zenye klorini kisha ukachomelea. Joto na mwanga wa welidi unazigeuza gesi ya sumu kali. Futa kwa maji ya sabuni, kausha.

MZEE WA MKUYUNI

Marahaba. Hilo la homa nimelipata sana, tulikuwa tunameza dawa za malaria. Nitawaambia na wenzangu.

MTU WA KISESA

Mkuu, nimekusoma mpaka hapa na nimekubali kutenga. Tofali bado, lakini nina nafasi upande wa pili wa ua. Watoto wa jirani wanapita wakitazama mwanga. Nikizungushia turubai la plastiki la bluu lile la kufunikia mizigo inafaa?

RANDA TATU

Hapana kaka, plastiki hiyo inatoboka kwa cheche na inashika moto. Tumia mabati yaliyotumika, yafunge kwenye fremu ya engo (chuma cha pembe) uliyoichomelea mwenyewe, iwe kazi yako ya kwanza. Upande wa ndani paka rangi nyeusi au ya kijivu isiyong'aa, kwa sababu bati jipya linarudisha mwanga na utakuchoma macho kutoka nyuma ya kofia ya kuchomelea. Urefu upite kichwa cha mtu mzima. Chini acha sentimita 30 hivi ili hewa ipite na moshi usikusanyike. Kioo cha kofia kiwe namba 10 au 11 kwa rodi ya 2.5. Msaidizi anayekushikia bomba naye awe na kofia yake, maana mara nyingi yeye ndiye anayelala na macho mekundu usiku.